Hewa nayo huikandamiza ardhi

"Hewa si kitu, itausukumaje mwamba?" Hilo nimelisikia mara nyingi, na ndiyo sababu wengi wakiona mstari wa kipima tetemeko umeyumba huamua papo hapo kwamba ardhi imetetemeka.

Si lazima. Katika usawa wa bahari, hewa iliyo juu ya kila mita ya mraba ina uzito wa tani 10 hivi. Mgandamizo wake ukipanda kwa hektopaskali 30 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa), kila mita ya mraba imetwishwa kama kilo 300 zaidi. Hali hiyo ikitanda mamia ya kilomita, ardhi hubonyea milimita kadhaa. Ukishuka, huinuka tena.

Lakini kinachokisumbua zaidi kipima tetemeko ni kuinama, pale ardhi inapobonyea upande mmoja kuliko mwingine. Weka kikombe cha chai kwenye sinia, uinue upande mmoja kidogo: chai husogea ukingoni, ingawa sinia halijasukumwa. Uzito ulioning'inizwa ndani ya kipima tetemeko hufanya vivyo hivyo, na chenyewe hakijui kama kimeinamishwa au kimesukumwa.

Chombo InSight cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Novemba 2018 kikiwa na kipima tetemeko, kiliyaona haya. Kisulisuli kilipopita karibu, mgandamizo ulishuka, ardhi ikanyanyuka kidogo upande huo, kipimo kikainama. Na hewa ya kule haifiki hata sehemu moja ya mia ya yetu!

Ndiyo maana vituo makini huweka baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa, kando ya kipima tetemeko, kisha huondoa kwanza athari ya hewa kwenye mstari wake.