Haipofisaitisi: tezi ya pituitari ikivimba, MRI inaonyesha nini?

Haipofisaitisi ni hali ya tezi ya pituitari kuvimba kwa sababu chembe za kinga ya mwili zimeivamia. Tezi hii ina ukubwa wa njegere na uzito wa takriban nusu gramu. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, na imeunganishwa na ubongo kwa kikonyo chembamba. Wakati mwingine kinga huishambulia tezi bila chanzo kingine kujulikana, na aina hiyo huwapata zaidi wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Wakati mwingine chanzo ni kifua kikuu, sakoidosisi (ugonjwa wa kinga unaoleta vinundu vya uvimbe mwilini), au dawa za saratani zinazoamsha kinga, kama ipilimumabu.

Mgonjwa huumwa kichwa, huchoka kupita kiasi, na pengine haoni vizuri. Tatizo ni kwamba adenoma, yaani uvimbe wa kawaida wa tezi hiyo usio saratani, nao huleta dalili hizohizo. Kwa kuchanganya hali hizi mbili, watu wengi wamefanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Hapo ndipo usomaji makini wa picha unapomwokoa mtu.

Kipimo kinachofaa ni MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) ya pituitari yenyewe, inayopiga vipande vyembamba, kabla na baada ya kuchoma sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha, kwenye mshipa. CT-scan, inayotumia eksirei, husaidia zaidi kuonyesha mfupa na chembechembe za chokaa. Tezi yenyewe haiionyeshi vizuri.

Msomaji wa picha huanza na umbo. Tezi iliyovamiwa na kinga huvimba pande zote kwa usawa, na gadolini ikiingia hung'aa yote kwa pamoja. Adenoma mara nyingi huelemea upande mmoja, hukisukuma kikonyo upande wa pili na kukichimba chini kile kishimo cha mfupa. Kisha anaangalia kikonyo chenyewe: kwa kawaida huwa kinene kidogo juu na kuendelea kupungua kuelekea kwenye tezi, kikiwa na milimita 2 hivi pale kinapoingia. Kwenye haipofisaitisi hunenepa juu hadi chini, kikabaki katikati. Alama ya tatu ni doa jeupe ambalo picha ya T1 (aina mojawapo ya picha za MRI), kabla ya gadolini, huonyesha nyuma ya tezi ya watu wengi wenye afya. Likitoweka, na mgonjwa ana kiu isiyoisha na anakojoa lita nyingi kwa siku, sehemu ya nyuma ya tezi imeguswa. Adenoma ni nadra kufanya hivyo.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha mfumo wa pointi unaojumlisha alama za namna hii pamoja na umri na ujauzito, ili kutenganisha hali hizi mbili kabla ya kumpeleka mtu kupasuliwa.

Kwa mjamzito kunahitajika uangalifu zaidi. Tezi yake hukua kwa kawaida, hata kufikia urefu wa milimita 10, na gadolini huepukwa, kwa hiyo ukubwa peke yake usimtishe mtu. Mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kuwa na tatizo jingine kabisa: tezi kufa kwa kukosa damu, na miezi baadaye picha ikaonyesha kishimo kikiwa karibu kitupu.

Picha haimalizi kila kitu. Pale shaka inapobaki na uwezo wa kuona ukiwa hatarini, kipande cha tezi huchukuliwa kupimwa. Kwa wanaotumia dawa za saratani za kuamsha kinga, tezi inaweza kuvimba kidogo tu na kurudi kawaida ndani ya wiki chache, kwa hiyo MRI isiyoonyesha kasoro haithibitishi kwamba mgonjwa hana ugonjwa huu. Akiwa na kichwa kinachouma, kutapika na presha ya kushuka, damu ichukuliwe kupima kotisoli, homoni ambayo mwili huweza kuikosa tezi hii ikishindwa kazi, na haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo hilo, ianze mara moja, bila kusubiri zamu ya MRI.