Mount ikigoma, usiseme trei iko wazi

Nimeletewa tena skripti ile ile: inajaribu `mount /dev/sr0` (mount ni amri ya Linux ya kuunganisha diski ili faili zake zisomeke, na `/dev/sr0` ndilo jina la draivu ya CD na DVD), ikishindwa inaandika "Trei iko wazi, weka diski." Mwenyewe ana duka Mwembe Tayari, anahamisha DVD za harusi na CD za taarab kwenye flashi, na analalamika eti draivu zinamdanganya. Haijaulizwa kitu, itadanganyaje?

Ukipiga hodi usiitikiwe, hujui mwenye nyumba kalala, katoka au hataki kukuona. Mount nayo hugoma trei ikiwa tupu, hugoma diski ikiwa mpya haijachomwa, na CD ya muziki huigomea siku zote kwa kuwa haina mfumo wa faili. Mashine inakwambia weka diski, na taarab imo ndani inazunguka!

Kwenye Linux, draivu yenyewe huulizwa kwa ioctl, yaani ombi la moja kwa moja kwa kifaa, iitwayo CDROM_DRIVE_STATUS. Kwa Python:

```
import os, fcntl
fd = os.open("/dev/sr0", os.O_RDONLY | os.O_NONBLOCK)
hali = fcntl.ioctl(fd, 0x5326)
os.close(fd)
```

Jibu limo kwenye `hali`: 1 hakuna diski, 2 trei wazi, 3 haijawa tayari, 4 diski ipo. 0 maana yake hakuna taarifa. Basi.

Sasa hiyo O_NONBLOCK (inayosema fungua tu, usisubiri diski), jamani, msiifute eti "mbona bila hiyo inafanya kazi". Ukiifungua `/dev/sr0` bila hiyo, kerneli, yaani kiini cha Linux, hudhani unataka kusoma data. Ikikuta trei wazi, na draivu ina uwezo wa kujifunga, huivuta ndani kwanza, maana mpangilio wa kujifunga, `/proc/sys/dev/cdrom/autoclose`, kwa kawaida ni 1, yaani umewashwa. Yaani skripti ya kuuliza kama trei iko wazi ndiyo inayoifunga! Mount nayo hufanya vivyo hivyo. Mtu yuko mbioni kuweka diski, trei inajirudia, halafu naambiwa draivu ina jini. Jini ni wewe na mount yako.

Ukipata 3, usikate tamaa. Diski ndiyo kwanza inashika kasi. Subiri sekunde moja uulize tena, ila weka kikomo, kuna diski mbovu zitakazokuweka hapo mpaka adhana ya alfajiri. Na 4 si ahadi kwamba inasomeka. Diski iliyochunika vibaya nayo yaweza kukupa 4.

Pale nisipoweka mkono motoni ni kwenye draivu za nje za USB. Kutofautisha 1 na 2 kunategemea draivu ijibu vizuri kuhusu mlango wake, na adapta za bei rahisi siziamini. Kwa hizo, skripti zangu huandika "hakuna diski au trei wazi", mtu akatazame kwa macho.

Na za laptopu, zile nyembamba, msinipigie simu kwamba `eject -t`, amri ya kufunga trei, haifungi. Nyingi hazina mota ya kuvuta trei. Isukume kwa kidole.