Kiratibu cha mkononi ni kitu gani, na kinafaidiwaje

Kiratibu cha mkononi ni kompyuta ndogo ya kuingia mfuko wa shati, iliyotengenezwa ikushikie miadi, majina ya watu, kazi za kufanya na maandishi mafupi, kisha ikukumbushe kila jambo kwa wakati wake. Hapo kwenye "kwa wakati wake" ndipo kinapoachana na daftari. Daftari hutunza ulichoandika, likanyamaza hadi ulifungue. Kiratibu hulia chenyewe, hata kama umekisahau kwenye koti.

Waingereza wa kampuni ya Psion waliuza cha kwao mwaka 1984, kikawa na kibodi kama ya kikokotoo. Jina PDA, kifupi cha Kiingereza cha "personal digital assistant", yaani msaidizi binafsi wa kidijitali, ambalo wengi wetu tulilisikia kabla ya kuiona bidhaa yenyewe, lilitamkwa na John Sculley, mkuu wa Apple, mwezi Januari 1992 huko Las Vegas. Mwaka uliofuata Apple wakatoa Newton: ghali, kubwa, na maarufu zaidi kwa kusoma vibaya mwandiko wa mwenyewe. Kilichokuja kushika soko ni Pilot ya mwaka 1996, ambayo baadaye ikaitwa Palm. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alitembea na kipande cha mbao mfukoni wakati bado anakisanifu. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, anachomoa ubao wake na kujifanya anatazama kalenda. Alitaka kujua kama kitu cha ukubwa ule kinabebeka kweli na kinahitajika mara ngapi kwa siku. Pilot ndogo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, ambayo leo haitoshi hata picha moja ya simu, lakini miadi na namba ziliingia tele.

Kwetu jina likawa Palm kwa vyote, kama tunavyosema Blue Band hata kwa siagi ya kampuni nyingine. Changu niliachiwa na mgeni aliyeshuka Kilimanjaro, miaka hiyo nikiwa karani wa ofisi ndogo ya kupandisha wageni hapa Moshi. Kazi yangu ilikuwa ratiba tupu: nani anatua uwanja wa ndege wa KIA lini, nani anapita Machame na nani Marangu, dereva yupi, mpishi yupi.

Chini ya kioo kulikuwa na vitufe vinne: kalenda, anwani, orodha ya kazi, maandishi. Ukikibonyeza kimoja, kifaa kinawaka palepale, bila kusubiri. Ukitaka kuandika unatumia kijiti na herufi zao zilizorahisishwa: A haina ule mstari wa katikati, ni kama paa la nyumba. Herufi unaandikia kushoto, tarakimu kulia. Siku mbili unalaani, siku ya tatu mkono umeshazoea.

Ugumu wangu ulikuwa saa. Kifaa hiki hakijui saa ya Kiswahili. Wageni wa Machame walitakiwa kuchukuliwa hotelini saa mbili asubuhi. Mimi nikagusa 2, nikaandika "kuchukua wageni, Machame", nikaweka kengele, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Ikalia saa nane kasoro dakika tano usiku. Mke wangu akanishika bega: "Baba Neema, nini hicho?" Nikaizima nikidhani imeharibika. Asubuhi ilipofika saa mbili yenyewe, kifaa kikanyamaza kimya, maana kwa hesabu zake kazi ilishafanyika. Dereva tulimkuta anakunywa chai na chapati, wageni wameketi juu ya mabegi yao hadi saa tatu unusu.

Tangu hapo nikabadilisha mpangilio kwenda saa 24. Asubuhi mpaka saa sita mchana unaongeza sita: saa mbili ni 8:00, saa nne ni 10:00. Na mchana je, unaongeza kumi na mbili kisha sita? Hapana, hapo ndipo watu wanapotea. Unaongeza sita ileile: saa nane ni sita zaidi ya saa mbili, basi 8:00 ukiongeza sita ni 14:00. Njia niliyoiona haikosei ni kukumbuka nguzo tatu tu: saa moja asubuhi ni 7:00, saa sita mchana ni 12:00, saa moja jioni ni 19:00, halafu hesabu kwa vidole kutoka nguzo iliyo karibu. Na ndani ya maelezo ya miadi andika kwa maneno yako, "saa 8 mchana", ili jicho likague tarakimu.

Usiku una mtego wake. Wanaokwenda kileleni huondoka kambi ya mwisho karibu na saa sita usiku. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili" na kila mtu ameelewa. Kifaa kinabadilisha tarehe saa sita usiku kamili: kabla yake ni Jumamosi, dakika moja baadaye ni Jumapili. Basi la Dar la saa kumi na moja alfajiri nalo ni 5:00 ya siku inayofuata, si ya siku unayofunga begi. Nimeona mtu makini kabisa akiweka kengele ya basi siku nzima mapema.

Baada ya saa, majina. Kiratibu hupanga watu kwa jina la ukoo. Jaribu hilo mkoani Kilimanjaro. Herufi M yangu ilikuwa na Massawe, Mosha, Mushi, Minja, Mrema, Macha, na humohumo wakaingia Mama Gift, Mama Neema na Mama wa ndizi wa Mbuyuni. Ukifungua M unatembea kama umepotea sokoni. Ilinisaidia kuanza na kile ninachomtafutia mtu: "Fundi friji, Mushi", "Dereva, Massawe mrefu", "Mpishi, Minja". Mafundi wote wakakaa F, madereva D. Na chini ya kila jina kulikuwa na nafasi ya maelezo, ambayo watu wengi huiacha tupu. Mimi niliandika humo: "anaijua njia ya Rongai", "hali nyama", "mpigie baada ya ibada". Miezi sita baadaye, maelezo hayo ndiyo yaliyonifaa kuliko namba yenyewe. Pia kulikuwa na alama ya kutafuta. Andika "Rongai", kinapekua kalenda, anwani na maandishi yote kwa pamoja.

Orodha ya kazi ilikuwa na vipaumbele 1 hadi 5. Kila mtu huweka vyote 1, na ndio mwisho wa faida yake.

Sasa betri. Palm za mwanzo zilikula betri mbili ndogo, zile za rimoti, na zilidumu wiki kadhaa. Lakini kumbukumbu yake ilitegemea umeme huohuo. Ukizitoa una kama dakika moja ya kuweka nyingine, kisha kila kitu kinafutika. Mimi nilizitoa kwanza, nikazipeleka dukani kwa Mangi kama mfano. Mangi hana chenji, kuna mteja anapima mchele, tukasalimiana habari za nyumbani. Niliporudi na kuwasha, kikaniomba niguse alama za msalaba kwenye kioo, kama kilivyofanya siku ya kwanza. Hakikunijua.

Hapa ndipo neno kusawazisha linapopata maana. Kiratibu kilikuja na kitako chake kilichounganishwa na kompyuta. Unakiweka, unabonyeza kitufe kimoja, na vilivyomo pande zote mbili vinalinganishwa: kipya kinakwenda kule, kipya cha kule kinakuja huku. Kwa hiyo kompyuta hubaki na nakala kamili. Nilikiweka kwenye kitako, nikabonyeza, majina yakarudi mojamoja. Yalirudi mpaka tarehe niliyosawazisha mara ya mwisho, wiki tatu nyuma. Wageni wa hizo wiki tatu niliwatafuta kwenye risiti na migongo ya bahasha.

Simu ya leo ina vitufe vilevile vinne, isipokuwa sasa ni picha kwenye kioo, na imezungukwa na vitu vingine mia vinavyokuita. Faida na mitego ni ileile. Saa 24 iwashe kwenye mipangilio. Kengele iweke kwa muda ambao kazi inahitaji: dakika 30 kwa mtu wa mjini, siku 2 kwa gari linalotakiwa kukaguliwa, wiki kwa kitu kinachohitaji fedha. Ratiba zote ziwe sehemu moja, maana nusu ikiwa kwenye simu na nusu kwenye kalenda ya ukutani uliyopewa na duka la vifaa, utaanza kuvishuku vyote viwili. Kitako hakipo tena. Simu hujisawazisha yenyewe na akaunti yako ikipata bando, mradi ulichagua akaunti hiyo wakati wa kuhifadhi. Jina lililohifadhiwa kwenye laini hukaa na namba na maneno machache tu, na lililohifadhiwa kwenye simu peke yake huondoka na mwizi wa stendi.

Juzi Neema alikuwa ananiingizia namba ya fundi wa paa.

"Baba, niiweke wapi? Kwenye laini, simu au akaunti?"

"Akaunti. Na anza na neno fundi."

"Fundi nani?"

"Fundi paa, Mosha. Halafu chini andika alikuja na ngazi yake mwenyewe."