Fiona, Malaika na nyimbo za kurudiwa

Mimi ni muuguzi wa wazee. Nafanya kazi Ontario, Kanada, kwenye nyumba za kutunzia watu wenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, na nikitaja kazi yangu kwenye shughuli yoyote ya Waswahili wenzangu hakosekani wa kuniuliza kama nimeiona filamu ya Away from Her. Nimeiona mara nne. Mara ya nne nilikuwa naisubiri tu ifike mwisho niusikie wimbo.

Kwa ambao hawajaiona: Sarah Polley aliiongoza mwaka 2006 kutokana na hadithi fupi ya Alice Munro, na mambo yote yanatokea huku huku Ontario. Grant na Fiona wameoana zaidi ya miaka 40. Siku moja Fiona, anayeigizwa na Julie Christie, anakausha kikaango kilichooshwa, kisha anakiweka kwenye friza. Anapohamia nyumba ya wazee, kanuni ya pale ni kwamba siku 30 za mwanzo hakuna kutembelewa. Grant anaporuhusiwa kuingia, mkewe anampokea kwa adabu zote, kama mtu anavyompokea mgeni. Moyo wake uko kwa mwanamume mwingine aliye kwenye kiti cha magurudumu, Aubrey.

Hapo kitaalamu nina ugomvi na filamu. Kwa kawaida Alzheimer, aina ya demensia aliyonayo Fiona, haikimbii hivyo ndani ya mwezi mmoja. Na kanuni hiyo ya siku 30 sijaikuta popote nilipofanya kazi. Sisi tunamwomba mume aje, alete mto wa nyumbani na picha za ukutani, maana kuhamishwa peke yake kunatosha kumvuruga mgonjwa. Halafu Fiona ni msafi mno. Wako wapi wanaokesha wakitafuta mlango, wanaodai wameibiwa pochi?

Lakini kuna maneno mawili matatu yaliyonifanya niisamehe. Grant anataka kujua Aubrey ana nini, na Fiona anamjibu kwamba yule hamchanganyi. Basi. Ugonjwa huu huanza kuila hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika mapya, kwa hiyo ya asubuhi yanapotea huku ya utotoni yangalipo, na hisia hudumu hata jina likishatoweka. Mume anaingia na "Unanikumbuka? Mimi nani?" Kila ziara inakuwa mtihani. Aubrey hamtahini.

Sasa wimbo. Baada ya picha ya mwisho, mwimbaji wa Kanada k.d. lang anaimba "Helpless". Wimbo ni wa Mkanada mwenzake Neil Young, ulitoka mwaka 1970 alipokuwa kwenye kundi moja na Crosby, Stills na Nash, na unaanza kwa kukumbuka mji mmoja wa kaskazini mwa Ontario. Lang aliurudia mwaka 2004 kwenye albamu yake ya nyimbo za watunzi wa Kanada. Kwa nini wasiweke sauti ya mwenyewe? Nadhani ni kwa sababu ya Grant. Kava, yaani wimbo uliorudiwa na mwimbaji mwingine, inamtaka msikilizaji awe na masikio mawili: moja kwa sauti inayoimba sasa, jingine kwa ile aliyoizoea. Grant ndivyo anavyomtazama mkewe. Fiona mwenyewe hana Fiona wa zamani wa kujilinganisha naye.

Hili nilifunzwa kazini, na mzee mmoja Mtanzania ambaye mkewe alikuwa wodini kwangu. Walihamia huku miaka mingi iliyopita. Mama wa watu Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka, amebaki na Kiswahili. Mzee akaja na simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo nimemletea Malaika."

Ilikuwa ya Boney M., kundi la disko la Ujerumani, ya mwaka 1981, yenye mdundo wa disko. Mama akageukia dirishani. Mzee akaongeza sauti. Mama akaziba masikio.

"Si wimbo ule ule?" akaniuliza, amefadhaika kweli.

Kwake ulikuwa ule ule. Nilimwomba atafute wa Mkenya Fadhili William, ule wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 (nani aliutunga, tugombane siku nyingine). Tunapochagua muziki wa mgonjwa, tunatafuta aliousikia alipokuwa kijana, na ikiwezekana rekodi yenyewe, kwa mwendo wake na gitaa lake. Gitaa lilipoanza tu, vidole vya mama vikaanza kutembea juu ya blanketi. Ubeti wa pili aliuimba wote, bila kukosea neno, akimtazama mumewe. Kisha akamuuliza kama ameshakula, na kwao ni wapi.

Tangu hapo huja kila Jumapili na Fadhili William. Ya Boney M. ameiacha garini, anasema huisikiliza akirudi nyumbani.