Alex English: pointi 25,613 bila kelele

Tarehe 13 Desemba 1983, katika ukumbi wa McNichols mjini Denver, Detroit Pistons waliwafunga Nuggets 186 kwa 184 baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Hakuna mechi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliyozaa pointi nyingi kuliko hizo 370. Alex English wa Nuggets alifunga 47. Lakini ukifungua takwimu za usiku ule, hata kwenye timu yake yeye ni wa pili: Kiki Vandeweghe alimaliza na 51. Isiah Thomas wa Detroit naye alikuwa na 47. Pointi 47, na bado yupo mwingine wa kutajwa kwanza.

Mwulize mpenzi wa kikapu nani alifunga pointi nyingi zaidi NBA ndani ya miaka ya 1980. Atasema Larry Bird, pengine Dominique Wilkins, pengine Jordan, ambaye aliingia ligi mwaka 1984. Jibu ni English. Kuanzia msimu wa 1981–82 hadi 1988–89 alipita pointi 2,000 kila msimu, misimu minane mfululizo. Hata hivyo, hayumo kwenye orodha ya wachezaji 50 bora iliyotolewa na ligi mwaka 1996, wala ile ya miaka 75 iliyotoka 2021. Wahenga walisema chema chajiuza. Kwenye kikapu, kinachojiuza ni danki, ile ya kuruka na kuusokomeza mpira kwenye ringi kwa mkono.

Sababu iko kwenye namna alivyofunga. English alikuwa na urefu wa mita 2.01 na uzito wa kilo 86 hivi, mwembamba kwa fowadi, mchezaji wa mbele anayepambana karibu na ringi. Hakuwa mtu wa kupokea mpira, kuudunda mara kumi na kumtesa beki huku ukumbi mzima ukisubiri. Kazi yake kubwa aliifanya kabla mpira haujamfikia. Anaanza chini karibu na mstari wa mwisho, anatembea hatua mbili tatu kama mtu aliyechoka, beki naye analegea. Kisha anakanyaga kwa mguu wa nje, anabadili mwelekeo na kuchomoka mkono ukiwa juu. Anaupokea mita tatu hadi tano kutoka kwenye ringi, na mpira hauteremki tena: unatoka juu ya kichwa, kwa mkunjo laini wa kiganja, karibu bila kuruka.

Hapo ndipo mabeki walipokwama. Mlinzi mwenye kuzuia mitupo huitegea saa yake kwenye magoti ya mtupaji: goti likikunjwa, naye anaruka. English hakumpa goti la kutosha kusoma. Wanaomwiga hukosea mahali pawili. Kwanza, wanakata kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho, na kukata kwa kasi moja humsindikiza tu beki. Pili, wakishapokea wanaushusha mpira hadi kiunoni. Kuushusha na kuupandisha tena kunachukua sehemu ya sekunde, na sehemu hiyo inamtosha beki kurudi usoni pako.

Msimu wa 1982–83 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa wastani wa pointi 28.4 kwa mechi, akimtangulia Vandeweghe, mwenzake wa timu, aliyekuwa na 26.7. Zichambue hizo pointi zake 2,326: mitupo huru 406 (ya pointi moja moja, baada ya faulo), mitupo ya pointi tatu miwili tu, msimu mzima. Zilizobaki zote ni mbilimbili, na nyingi zilitoka umbali wa kati, eneo ambalo timu za leo zinalikwepa.

Kocha wa Denver, Doug Moe, alimfaa sana. Mashambulizi yake hayakuwa na mipango ya kukariri. Mpira ulipaswa kupita kwa mwingine karibu papo hapo, na asiye na mpira akate. Mfumo huo una ugonjwa wake: mtu mmoja akiung'ang'ania mpira, wote husimama, na njia za kukata zinaziba. Halafu kuna ulinzi. Msimu wa 1981–82 Nuggets walifunga pointi 100 au zaidi katika mechi zote 82, wastani 126.5, ila wakaruhusu 126.0. Walishinda mechi 46 tu, na Phoenix wakawatoa raundi ya kwanza. Watu wakahitimisha kwamba pointi za Denver ni za bei rahisi. Sikubaliani. Mwendo wa kasi huongeza nafasi za kutupa, lakini hauziingizi, na English aliingiza asilimia 50.7 ya mitupo yake katika maisha yake yote ya NBA.

Nafasi yake nzuri zaidi ya kuwania ubingwa ilikuwa 1985. Nuggets, waliomwachia Vandeweghe aende Portland na kupata Fat Lever, Calvin Natt na Wayne Cooper, walifika fainali ya Kanda ya Magharibi dhidi ya Lakers. Katika mechi ya nne ya fainali hiyo English akavunjika dole gumba. Mtupo unaotegemea kiganja hauna mbadala ukikosa dole hilo. Mechi ya tano Lakers walishinda 153 kwa 109, na safari ikaishia hapo.

Kuanza kwake pia hakukuwa kwa kishindo. Alizaliwa Columbia, South Carolina, mwaka 1954, akachezea chuo kikuu cha hapohapo nyumbani na kufunga pointi 1,972. Kwenye drafti ya 1976, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Milwaukee walimchukua wa 23, raundi ya pili, na msimu wa kwanza alipata wastani wa 5.2 akitokea benchi. Alihamia Indiana mwaka 1978. Februari 1980 Indiana wakamtoa, pamoja na nafasi yao ya drafti, ili kumrudisha George McGinnis, shujaa wao wa zamani aliyekuwa ameshaanza kushuka. Miaka miwili baadaye McGinnis alikuwa amestaafu, na English alikuwa amevuka pointi 2,000 kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1990 Denver hawakumwongezea mkataba. Alicheza msimu mmoja Dallas kwa wastani wa 9.7, akamalizia Napoli, Italia. Alipoondoka NBA alikuwa wa saba kwa pointi katika historia ya ligi. Jezi namba 2 haivaliwi tena Denver, na mwaka 1997 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu. Nje ya uwanja alichapisha mashairi, na mwaka 1985 aliwaongoza wachezaji wenzake kutoa fedha zao za mechi ya nyota kwa ajili ya walioathiriwa na njaa Ethiopia. Baadaye alikuwa kocha msaidizi, Toronto na Sacramento miongoni mwa timu.

Ukipata video za mechi zake, usiufuate mpira. Kaza macho upande usio na mpira, kwenye miguu ya namba 2.