Trekta Lililolala Miaka Halipigwi Stata

Mkulima anaponiita Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, kuangalia trekta lililolala kwa miaka, mara nyingi nakuta ameshanunua betri mpya na anasubiri nipige stata. Huwa namsihi aiweke pembeni kwanza, kwa sababu stata, mota ya kuwashia injini, ina nguvu ya kuvunja ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) zilizoshikwa na kutu, au kupinda konrodi, mkono unaoishika pistoni, endapo kuna maji juu ya pistoni. Urambo iliona matrekta yakiharibika tangu zamani: ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, na mengi ya matrekta yake, yaliyonunuliwa yakiwa masalia ya vita, yaliharibika mapema.

Massey Ferguson 135 niliyoifufua mwaka jana, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ilikuwa imekaa chini ya mwembe misimu saba, bomba lake la moshi likitazama juu bila kifuniko. Maji ya mvua yalishuka humo hadi kwenye silinda ambayo vali yake ya moshi ilibaki wazi siku injini ilipozimwa. Nilipolegeza nati ya kumwagia oili yalitangulia maji, kikombe kizima, kisha ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Nilifungua nozeli zote tatu, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nikamimina katika kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi. Kila asubuhi niliweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikaisukuma taratibu, mbele na nyuma, bila kuongeza bomba la kurefusha mpini. Siku ya tano injini ilisogea upana wa ukucha, nami nikarudishia mchanganyiko na kuiacha ilowe tena. Ilipomaliza mzunguko mzima nilifungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, nikakuta katika silinda ya tatu pete ya kutu iliyochimbika pale ringi zilipokuwa zimetulia. Slivu hiyo, yaani bomba la ndani la silinda, ilibidi ibadilishwe.

Tangi lilisafishwa, filta zikawa mpya, upepo ukatolewa kwenye mfumo wa dizeli, kuanzia filta, kisha pampu, na mwisho nati za mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi, maana kiangazi cha Tabora hakina huruma kwa injini. Trekta hili lina chujio la hewa la bakuli la oili: hewa hushuka kwa bomba la katikati, hugonga oili na kugeuka ghafla kupanda juu, na chembe nzito za vumbi, zisizoweza kugeuka nayo, huzama, zilizobaki hunaswa na wavu wa nyaya uliolowa oili. Oili ikishaganda kama uji wa matope, kazi hiyo haifanyiki tena, na mchanga unaopenya huzisaga ringi na slivu mpya. Kiangazi, wakati wa kulima au kuvuta tela barabarani, bakuli lifunguliwe kila siku. Oili ijazwe hadi alama tu, kwa kuwa ikizidi injini huinyonya na inaweza kukimbia yenyewe hata baada ya dizeli kukatwa.

Dereva wa trekta lile sasa hufunika bomba la moshi kwa kopo kila jioni, na amelifunga kopo hilo kwa kamba kwenye usukani ili asiwashe kabla ya kuliondoa.