Kriminolojia ni nini, na nani aisomee?

Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita alikuja kwangu Chumbageni na swali moja: "Mjomba, nikisomea kriminolojia nitakuwa mpelelezi?" Nilimwambia akae kwanza. Wengi hapa Tanga huvichanganya vitu hivi viwili.

Mpelelezi humtafuta aliyetenda. Wataalamu wa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vielelezo. Wakili hubishania kama kosa limethibitika. Kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ina maswali yake: kwa nini kosa hili hutokea hapa zaidi kuliko pale, nani aliyeamua kuliita kosa, na adhabu tunayotoa inabadili nini.

Tazama uvuvi wa baruti, jambo ambalo watu wa pwani hii hatuhitaji kuhadithiwa. Sheria inaukataza. Anayerusha baruti anajua kuwa matumbawe yanakufa, na amewaona wenzake waliokatika mikono. Basi kumhubiria kwamba ni vibaya hakutoshi. Mwanakriminolojia atauliza baruti imetoka wapi, nani ametoa mtaji na boti, nani sokoni ananunua samaki mwenye nyama iliyolegea na miiba iliyovunjika huku akijua, na kwa nini aliyesikia mlipuko alfajiri ananyamaza. Mwaka 1979 Wamarekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba kosa huhitaji mambo matatu yakutane: mtu mwenye nia, kitu cha kulengwa, na kukosekana kwa mlinzi. Baharini yote matatu hukutana kwa urahisi. Na mlinzi si lazima awe askari. Hata mchuuzi anayekataa samaki wa baruti ni mlinzi. Ila maelezo yao hayagusi nia yenyewe inatoka wapi, na hapo ndipo umaskini, madeni na kundi la marafiki huingia.

Elimu hii imewahi kupotoka vibaya. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba wanatambulika kwa taya na paji la uso. Dai hilo lilishakataliwa na wasomi, lakini vijiweni bado nasikia "huyu ana sura ya mwizi", na kauli hiyo yaweza kumponza kijana asiye na hatia mbele ya watu wenye hasira. Linaniuma sana.

Kuhusu ajira, nilimwambia ukweli: tangazo la kazi la "mwanakriminolojia" ni nadra kuliona nchini. Kazi ipo kwa majina mengine. Wapo maofisa wa huduma za uangalizi, wanaowasimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Wapo maofisa ustawi wa jamii wanaoshughulika na watoto waliokinzana na sheria. Magereza, polisi na watafiti nao wanaihitaji elimu hii. Mlango wa kuingilia mara nyingi huwa sosholojia, saikolojia, ustawi wa jamii au sheria, ambayo ngazi zake za mwanzo hufundishwa hata hapa mkoani, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto.

Na asizikimbie hesabu. Takwimu za polisi huonyesha makosa yaliyoripotiwa tu. Mke aliyepigwa, kisha wazee wakayamaliza nyumbani, hamo humo. Lazima ajifunze kuwatafuta wasiohesabiwa.

"Sasa nianzie wapi, Mjomba?"

Nilimshauri aende Mahakama ya Mwanzo, akae benchi la nyuma wiki nzima, maana kesi nyingi husikilizwa hadharani. Achukue daftari. Suala la nani ana hatia amwachie hakimu. Yeye aandike kila mshtakiwa anatoka mtaa gani, anafanya kazi gani, na kama ana ndugu aliyekuja kumwona.